Kufuli Nje, Pasi Ndani

Kufuli lilikuwa jipya, bado lina mafuta ya dukani. Na ndani ya chumba kilichofungwa, pasi ya mkaa ilikuwa inawaka.

Hapo ndipo wiki iliyopita tulipomwacha Dobi: amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, ndoo ya maji kichwani, anatazama kitu ambacho dakika kumi zilizopita hakikuwapo.

Kwa uliyeanza kusoma leo, habari yenyewe ni fupi. Dobi ni mama wa watoto wawili. Amepanga chumba cha mbele katika nyumba ya mzee ambaye mtaa mzima humwita Saruji, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila vumbi la ujenzi kwenye viatu. Nyuma ya pazia kuna vitanda, mbele ya pazia kuna meza ya kupigia pasi. Humo wanalala, na humo wanapata riziki. Kodi imechelewa miezi miwili. Imechelewa kwa sababu Saruji alifunga bomba la uani akidai ni matengenezo, na dobi asiye na maji ni dobi wa jina tu. Sasa Saruji anataka vyumba vyote vya mbele viwe maduka ya vioo, na ametangaza kwamba ataanza na hiki.

Haya, turudi mlangoni.

"Fungua," Dobi alisema.

Alikuwa anamwambia dalali wa Saruji. Huyu dalali wanamwita Miwani, maana miwani yake ya jua hukaa kwenye paji la uso mwaka mzima. Alikuwa ameegemea ukuta, rundo la funguo kidoleni.

"Nifungue nini, dada? Chumba nimekifunga kwa amri ya mwenye nyumba."

"Pasi inawaka ndani!"

Miwani alicheka.

"Miaka kumi na moja nafunga vyumba vya watu. Sijawahi kufunga kimoja ambacho ndani hakuna kitu kinaungua. Au kuna dawa ya bibi. Au kuna chungu jikoni. Ukifungua tu, mtu anajitia ndani, anakomea, hatoki wiki tatu."

"Miwani, nina mkaa kwenye pasi. Nilitoka kuchota maji ya kunyunyizia nguo, basi!"

"Na kodi utakwenda kuichota lini?"

Watu walicheka. Aliyecheka zaidi ni Kinyozi wa chumba cha pili, ambaye naye ni mpangaji wa Saruji. Alikuwa ametoka nje na mashine mkononi, amemwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu.

Dobi aliwapa mgongo. Alitua ndoo, akaenda dirishani, akapenyeza mkono kwenye nondo na kusogeza pazia la dirisha.

Meza ya pasi hukaa ukutani, karibu na mlango. Yeye aliiacha pasi juu ya bati lake, kama anavyofanya siku zote. Lakini aliyefunga mlango aliubamiza, ukuta ukatikisika, pasi ikateleza. Sasa ilikuwa imelala ubavu, kifuniko wazi. Makaa mawili mekundu yalikuwa yametulia juu ya koti jeusi.

"Mungu wangu! Imeanguka!"

Alichota maji kwa kopo, akayarusha kupitia nondo. Yaliishia kwenye pazia. Akarusha tena. Yakaishia sakafuni. Meza ilikuwa pembeni mno.

"Miwani, njoo uone mwenyewe!"

Badala ya kwenda dirishani, Miwani alitoa simu, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie mambo yanavyoamuliwa.

"Mzee, shikamoo. Huyu mama anasema kuna pasi inawaka ndani."

Sauti ya Saruji ilitoka kavu kabisa.

"Mwambie alete kodi. Pasi itajizima."

Simu ikakatwa.

Na moshi ukaanza kutoka chini ya mlango.

Ulitoka mwembamba kwanza. Halafu ukawa na harufu ya sufu inayoungua, harufu ambayo ukishainusa mara moja huwezi kuisahau. Kicheko kilikatika. Kinyozi alikuwa wa kwanza kupiga kelele, maana ukuta wa chumba cha Dobi ndio ukuta wake.

"We Miwani! Fungua haraka! Paa ni moja hilo!"

Miwani alichomeka ufunguo wa kwanza. Haukuingia. Wa pili uliingia, haukuzunguka. Wa tatu, wa nne, wa tano. Jasho lilimtoka.

"Vipi?" Dobi aliuliza.

"Kufuli ni jipya."

"Na ufunguo wake?"

"Anao mzee. Zote mbili."

Jamani! Mtu ametumwa kulinda kufuli ambalo hana ufunguo wake.

Pembeni mwa nyumba huketi fundi viatu, na nyundo yake ilikuwa miguuni pake. Miwani aliirukia, akarudi mlangoni, akapiga mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu zote. Kufuli liliruka likaanguka kwenye mtaro. Mlango ukafunguka. Dobi aliingia na ndoo yote, akaimwaga juu ya meza.

Fusss!

Moto ulikufa. Moshi ukawasha macho ya watu, kila mtu akakohoa.

Dobi aliinua koti, maji yakimtiririka hadi viwikoni. Mgongoni lilikuwa na tundu kubwa kama sahani. Akageuza ukosi. Dobi huyu haandiki majina ya wateja. Kila mteja ana uzi wake, anaushona ndani ya ukosi ambapo hauonekani. Koti hili lilikuwa na nyuzi tatu za kijani.

Alikaa chini pale pale, kwenye maji.

"La nani?" Kinyozi aliuliza.

"La Mwenyekiti wa Baraza la Nyumba."

Mtaa mzima unamjua mtu huyo. Ndiye anayesikiliza kesi zote za wapangaji na wenye nyumba. Dobi alikuwa amepanga kumpelekea koti lake saa saba mchana, na pamoja na koti, malalamiko yake dhidi ya Saruji.

Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, Miwani aliishusha miwani yake machoni.

*

Gari la Saruji lilifika likiwa na mifuko sita ya saruji nyuma. Mzee alishuka taratibu, akatazama mlango, akatazama mtaro, akaliokota kufuli.

Nisimwonee. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, akibeba mchanga kichwani kabla hajawa na gari. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza juu ya mlango wake. Lakini chumba kilikuwa bado kinafuka moshi, na mzee hakuuliza kama kuna mtu aliyeungua.

Aliuliza hivi:

"Nani kavunja kufuli langu?"

Miwani alinyoosha kidole.

"Huyu."

Dobi alisimama. Alidhani amesikia vibaya.

"Mimi?"

"Nilimzuia, mzee. Akanishinda nguvu."

"Miwani! Mbele ya watu wote hawa? Jirani, si uliona?"

Jirani ni Kinyozi. Alikuwa amepata nywele za kufagia, na alizifagia kwa bidii ambayo wateja wake hawajawahi kuiona. Mteja mwenye kichwa nusu alitazama juu.

Dobi akamgeukia fundi viatu.

"Fundi, nyundo si yako?"

"Nyundo ni yangu, mama," fundi viatu alisema polepole. "Mkono sikuuona."

Saruji alitia kufuli mfukoni kama mtu aliyeokota hati.

"Sasa tumefika mahali pazuri. Kodi, miezi miwili. Mali yangu imevunjwa. Nyumba yangu imechomwa moto. Kesho asubuhi mafundi wanaezua paa hili. Mkipenda lalani humo mtazame nyota."

"Nani ataezua?"

Sauti ilitoka nyuma ya gari. Ilikuwa ya mume wa Dobi. Ni fundi bati, na kila asubuhi hukaa na mafundi wenzake penye njia panda wakingoja kuitwa kazi. Leo hakuitwa. Alikuwa ameusikia moshi kabla ya kusikia maneno, akaja mbio na mfuko wake wa misumari ukigonga pajani.

"Nimeuliza, mzee. Nani atapanda juu ya paa ambalo watoto wangu wanalala chini yake?"

"Paa lako? Ulinunua bati ngapi wewe?"

"Tutakulipa! Fungua maji, mke wangu afue, tutakulipa!"

"Maji, maji. Mwanamume mzima unaishi kwa povu la mkeo."

Fundi bati alimsogelea. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya nyundo iliyoning'inia kiunoni. Dobi akaingia katikati.

"Baba watoto. Hapana."

"Niache!"

"Ukimgusa, hatuna kesi. Atakayekuwa na kesi ni yeye."

"Msikilize mkeo," Saruji alisema. "Ndiye mwenye akili nyumbani kwenu. Ndiye mwenye mkataba pia, au nasema uongo?"

Ilikuwa kweli, na ilimchoma fundi bati kuliko matusi yote. Chumba kile Dobi alikipanga kabla hajaolewa. Mkataba una jina moja tu. Mume alihamia na begi moja na ngazi yake, na kwa miaka tisa utani wa mafundi wenzake ni kwamba yeye ndiye aliyeolewa.

"Kesho hapandi mtu hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Utapita juu yangu kwanza."

"Sina haja ya kupita juu yako. Nitapita juu ya bati."

Dobi alikunja koti lililoungua, akalitia kwenye kikapu.

"Kaa hapa mlangoni," alimwambia mumewe. "Usitoke, usipigane, usimjibu. Mimi nakwenda barazani."

"Ukamwambie nini? Umemchomea koti!"

"Nitamwambia hivyo hivyo."

*

Karani wa baraza alikuwa ana hasira kabla Dobi hajafungua mdomo.

"Saa saba tulisema! Mwenyekiti amekaa na shati tangu asubuhi. Mkononi huna hanga, nguo iko wapi?"

"Nataka kumwona mwenyewe."

"Dobi anaonana na Mwenyekiti kwa jambo gani?"

"La koti."

Mwenyekiti ni mtu mfupi, mkavu, asiyetabasamu. Dobi alilitandaza koti mezani pake, tundu juu. Mzee yule aliingiza ngumi katika lile tundu, akaitoa upande wa pili, akaitazama ngumi yake.

"Hili," alisema, "nililinunua siku nilipoapishwa."

"Najua, mheshimiwa. Naomba unisikilize kwanza, halafu unitukane."

Alisimulia yote. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema kodi imechelewa miezi miwili kabla hajaulizwa. Alisema bomba, akasema kufuli, akasema aliyebamiza mlango na aliyevunja kufuli. Mwenyekiti alisikiliza bila kuandika neno.

"Una shahidi?"

"Waliona wote. Hakuna aliyeona."

Mwenyekiti alivuta pumzi.

"Sikiliza, mama. Kodi kuchelewa ni deni. Mwenye nyumba anaweza kukudai. Anaweza kukushitaki hapa, na akishinda utatoka. Lakini hawezi kukufungia mlango kwa mkono wake. Hawezi kukukatia maji. Hawezi kuezua paa juu ya kichwa chako eti anafanya mabadiliko. Mpaka baraza hili liseme. Hata kama ungekuwa hujalipa mwaka mzima."

Dobi alimsogezea kalamu.

"Basi liandike hilo, mheshimiwa. Nimpelekee sasa hivi."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Shauri lako lina koti langu ndani. Nikikupa haki, Saruji atasema namlipiza. Nikikunyima, utasema nakulipiza wewe. Siruhusiwi kuligusa."

Msomaji, fikiria mwenyewe. Mtu pekee anayejua kwamba una haki amekwambia una haki, halafu amekwambia hawezi kukupa.

"Nenda chumba cha pili kwa Makamu wangu," Mwenyekiti alisema. "Yeye hana nguo kwako."

"Anazo," Dobi alisema. "Blauzi mbili."

"Zimeungua?"

"Ziko kwenye kamba."

"Basi wahi kabla hazijakauka."

Makamu alikuwa mama mnene mwenye kalamu tatu kwenye nywele, na alimhoji Dobi kama mtu anayepasua kuni.

"Kodi umechelewesha?"

"Ndiyo."

"Mwenye nyumba alikuandikia notisi?"

"Hapana. Alipiga kelele tu."

"Kelele si notisi. Mkataba una jina la nani?"

"Langu."

"Na nani mwingine?"

"Peke yangu, mheshimiwa. Nilipanga kabla ya ndoa."

"Mumeo hajaongezwa?"

"Hatukuwahi kufikiria."

"Watu hawafikirii mpaka mvua inyeshe," Makamu alisema, akachomoa kalamu ya pili, ya kwanza ikiwa imeisha wino.

Aliandika, akisoma kwa sauti. Mpangaji asitolewe kwenye chumba. Bomba lifunguliwe leo. Paa lisiguswe na mtu yeyote bila idhini ya mpangaji, na atakayekutwa akiligusa akamatwe na kuletwa mbele ya baraza.

"Kwa nini 'bila idhini ya mpangaji'?" Dobi aliuliza.

"Kwa sababu kesho likivuja na wewe mwenyewe ukataka kuliziba, nisije nikakukamata wewe."

Lilikuwa jibu la busara. Liwekeni akilini, maana dakika ishirini baadaye Dobi alitamani maneno yale manne yafutike.

Simu yake iliita. Alikuwa fundi viatu.

"Mama, njoo."

"Kuna nini?"

"Saruji hakungoja kesho. Miwani kamwambia umekwenda barazani. Bati zinashuka."

"Mume wangu yuko wapi? Nimemwacha mlangoni! Wamempiga?"

Fundi viatu alishusha sauti.

"Hajapigwa," alisema. "Njoo mwenyewe uone."

Makamu alikuwa amesikia. Alipiga mhuri kwa nguvu hadi kikombe kikaruka, akamwita askari wa baraza.

"Nenda naye. Ukimkuta mtu juu ya paa, mshushe."

*

Walifika wakikimbia. Bati tano zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, moja juu ya nyingine. Hazikupinda hata kidogo. Misumari ilikuwa imekusanywa kwenye kopo. Dobi alizitazama bati zile, akajua kabla ya kuinua macho. Watu wanaobomoa hawapangi. Yuko mtu mmoja tu mtaani anayeezua namna ile.

Akainua macho.

Mumewe alikuwa amepiga magoti juu ya boriti, ameshika bati la sita. Kupitia pengo lililobaki, jua lilikuwa limeanguka juu ya kitanda cha watoto.

"Unafanya nini?" Dobi alipiga kelele. "Baba watoto, unafanya nini?"

Alichomjibu ni tabasamu. Tabasamu la kweli, la mtu aliyefanya jambo kubwa.

"Yamekwisha, mama watoto! Deni limefutwa! Lote!"

"Deni gani limefutwa?"

"Mzee kasema paa linatoka leo, nipende nisipende. Mafundi wake walikuwa njiani. Nikiezua mimi, kwa mkono wangu, kodi yote ya nyuma inafutwa, na mwezi ujao tunarudi hapa hapa, anatupa chumba cha nyuma. Huoni? Nimetulipia! Mimi!"

"Umeandikishana naye?"

"Nimetia sahihi karatasi ya kazi, kama kazi yoyote."

"Umeisoma?"

Fundi bati alisita. Katika maisha yake ametia sahihi karatasi za kazi mia mbili, na zote husema jambo moja: bati ngapi, siku ngapi. Nani husoma karatasi ya kazi?

Saruji alikuwa amekaa karibu na ngazi, juu ya mifuko ya saruji iliyoshushwa garini, mguu juu ya mguu. Alitoa karatasi, akampa askari kwa adabu nyingi.

"Soma, afande. Kwa sauti."

Askari alisoma.

"Mimi mpangaji wa chumba cha mbele, kwa hiari yangu, nimekubali paa liezuliwe, nimekubali kuhama leo pamoja na familia yangu, na sitarudi kudai chumba chochote katika nyumba hii. Mwenye nyumba naye anafuta deni la kodi."

"Hapana," alisema fundi bati kutoka juu. "Hapana. Hatukusema hivyo."

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Lakini ni yako," Saruji alisema.

Dobi aliitoa amri ya baraza.

"Hii ina mhuri. Mpangaji asitolewe. Paa lisiguswe."

Saruji aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Alipofika mwisho alicheka hadi vumbi likamtoka kwenye nguo.

"'Bila idhini ya mpangaji.' Mpangaji huyo hapo juu! Kaidhinisha kwa nyundo yake!"

"Mpangaji ni mimi!"

"Aa. Ni wewe?" Saruji alisimama, akamsogelea, akashusha sauti kama mjomba anayetoa ushauri. "Basi mwambie afande hivyo, mama. Mwambie yule aliye juu si mpangaji. Kwamba ni mtu baki, kapanda juu ya paa bila idhini yako. Amri yako inasema afanywe nini mtu kama huyo?"

Dobi aliinua macho kumtazama mumewe.

"Au sema ni mpangaji mwenzako. Mumeo ashuke salama, deni limekwisha, mnabeba vitanda vyenu. Sitakudai hata kufuli. Chagua."

Watu walikuwa wamejaa. Kinyozi alikuwa ameacha kufagia. Miwani alikuwa nyuma ya gari, amejifanya kifungo cha shati kinamsumbua.

Askari alikunja karatasi zote mbili. Alikuwa kijana wa haki, asiyependa maneno mengi, na hakujua alichokuwa anauliza.

"Mama, nijibu swali moja nifanye kazi yangu. Huyu aliye juu ya paa, ni mpangaji au si mpangaji?"

"Mama watoto," mumewe aliita. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hapa ni kwangu pia. Miaka tisa! Mwambie tu, hapa ni kwangu!"

Dobi alimtazama. Alitazama bati tano zilizopangwa vizuri. Alitazama kitanda cha watoto kilichopigwa na jua. Watoto wangetoka shule saa kumi, na wangekuja moja kwa moja mlango huu, maana hawajui mwingine.

"Afande," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mkataba una jina moja. Mpangaji ni mimi. Peke yangu."

Saruji aliacha kucheka. Hilo hakulitegemea.

"Na idhini sijatoa," Dobi alimalizia, machozi yakimdondoka kidevuni. "Mshushe."

Askari aliweka mguu kwenye ngazi.

Juu, fundi bati alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Uso wake ulibadilika polepole, na Dobi, ambaye anaujua uso ule katika hali zote, aliona hali ambayo hakuwahi kuiona.

"Peke yako?" aliuliza. "Haya. Peke yako."

Aliinama, akaishika ngazi yake kwa mikono miwili, akaivuta juu kwa nguvu moja hadi askari akaanguka chali kwenye mifuko ya saruji.

Kisha akailaza ngazi kando yake juu ya boriti, akachukua nyundo, akang'oa bati la sita, akalitupa uani bila kutazama lilipoangukia, na kuanza la saba.